Diski Mbili Zikizima kwa Pamoja

Jumanne ya tarehe 25 Mei 2021, siku tatu baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava upande wa Goma, tetemeko la ukubwa wa 5.3 liliitikisa wilaya ya Rubavu, Rwanda. Kuta zilipasuka, barabara zikafanya nyufa, na majengo kadhaa ya mji wa Gisenyi yakaanguka. Kwa sisi tunaoshughulika na data, wiki ya namna hiyo ndiyo inayopima kile kisanduku kidogo cha diski nne (NAS) ambacho mwenye nacho alikinunua akiamini kwamba picha zake sasa ziko salama milele.

Imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoipa jina RAID, mbinu inayotumiwa na visanduku vya namna hii. Hoja yao kubwa ilikuwa ya gharama: kuliko kununua diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha nyingi ndogo za bei nafuu, kisha weka ziada ya kutosha ili moja ikifa kazi isisimame. Hesabu yao ilisimama juu ya dhana kwamba kila diski hufa kwa wakati wake, bila kuhusiana na nyingine. Nyumbani kwako Gisenyi dhana hiyo haina miguu. Diski nne zilizonunuliwa siku moja katika duka moja zina umri mmoja. Zinakula umeme wa soketi moja na zimekaa kwenye kabati moja juu ya ardhi inayotikisika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Mto Sebeya ulipofurika na nchi nzima ikapoteza watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko, kisanduku chochote kilichokuwa sakafuni penye maji kililowa na diski zake zote.

Hata hivyo ninaandika makala hii kwa sababu ya jambo lenye matumaini. Diski mbili zikizima kwa pamoja, data kwa kawaida bado ipo. Inayoifuta ni mikono ya binadamu katika saa chache zinazofuata: mwenye kisanduku anabonyeza vitufe kwa hofu, au fundi anakimbilia kuonyesha matokeo. Mpiga picha za harusi aliyeweka humo kazi ya miaka minane hastahili kuipoteza hivyo, wala wakala wa forodha mwenye nyaraka za mizigo iliyopita mpakani.

Tuanze na namna ziada yenyewe inavyofanya kazi. Katika RAID 1 kila diski ni nakala kamili ya mwenzake, na hapo hakuna cha kueleza. RAID 5 ndiyo yenye ujanja. Chukua diski tatu. Kwenye mstari mmoja wa data, diski ya kwanza imeandika biti 1 na ya pili imeandika 0. Mashine inahesabu: idadi ya moja ni witiri, kwa hiyo diski ya tatu inaandikiwa 1 ili jumla iwe shufwa. Biti hiyo ya tatu huitwa pariti. Sasa ondoa diski ya kwanza. Umebaki na 0 na 1. Ili jumla iwe shufwa, iliyopotea lazima ilikuwa 1. Hesabu hii inarudiwa mabilioni kwa mabilioni ya mara, na pariti hupokezanwa kati ya diski zote ili isilemee moja. RAID 6 inaongeza hesabu ya pili, ngumu zaidi, inayoruhusu kupoteza diski mbili. Lakini RAID 5 ikikosa mbili, mlinganyo mmoja unabaki na namba mbili zisizojulikana, na hakuna programu duniani inayoweza kuutegua.

Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: je, kweli zimekufa mbili?

Mara nyingi jibu ni hapana. Diski inaweza kufukuzwa na RAID ikiwa hai. Diski za kawaida za kompyuta ya mezani zikikutana na sekta ngumu kusomeka, hujaribu tena na tena, nyingine kwa dakika mbili au zaidi. Linux kwa desturi husubiri sekunde 30 tu, kisha huirudisha diski kwenye hali ya mwanzo na kuihesabu kuwa imeshindwa. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS hukata tamaa baada ya sekunde kama 7 na kuiachia RAID irekebishe kwa pariti, jambo ambalo ndilo sahihi. Pengine kosa ni waya wa SATA uliolegea kwa mtikisiko. Hilo huonekana kwenye taarifa za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, kipengele namba 199, kinachohesabu makosa ya mawasiliano. Namba hiyo ikiwa kubwa huku namba 5 na 197, zinazohesabu sekta zilizohamishwa na zinazosubiri uamuzi, zikiwa sifuri, badilisha waya kabla ya kuilaumu diski.

Kisa kinachojirudia zaidi huwa hivi. Diski moja ilitoka miezi mingi iliyopita. Taa ya chungwa iliwaka, hakuna aliyeitazama, kazi ikaendelea. Kisha ya pili ikatoka, na siku hiyo mafaili yakatoweka. Au moja ilikufa, mwenyewe akanunua mpya akaanza kuijenga upya, na katikati ya safari nyingine ikaanguka. Kujenga upya ndiyo kazi nzito kuliko zote: diski ya terabaiti 4 inayosomwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa saba bila kupumzika, na zile zilizobaki lazima zisomwe kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa tangu picha za zamani zilipohifadhiwa. Watengenezaji wa diski za nyumbani huahidi kosa lisilozidi moja katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14 zinazosomwa, sawa na terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini diski iliyozeeka haina deni la kuitimiza.

Basi ufanye nini? Zima kisanduku. Toa diski moja moja, na kila moja iandikie kwa kalamu ya wino namba ya nafasi iliyokuwamo. Kazi hii ya dakika tano huokoa siku nzima za kubahatisha baadaye.

Visanduku vingi vya nyumbani, vikiwemo vya Synology na QNAP, ndani yake vinatumia Linux na programu iitwayo mdadm. Hii ni habari njema, kwa sababu kisanduku chenyewe kikifa, diski zake mara nyingi huweza kuunganishwa kwenye kompyuta yenye Linux na kusomeka. Kila diski imebeba rekodi ndogo ya utambulisho: ni ya kundi gani, iko nafasi ya ngapi, vipande vya data vina ukubwa gani, na namba moja muhimu kupita zote, hesabu ya matukio. Kila hali ya kundi inapobadilika, namba hiyo hupanda kwenye diski zote zilizo hai. Amri ya mdadm iitwayo examine inazisoma bila kuandika chochote.

Tuseme diski tatu zinaonyesha 48211, 48209 na 31077. Mtu mwenye uzoefu akiziona atashusha pumzi. Mbili za kwanza zimeachana kwa matukio mawili, yaani sekunde chache. Ya tatu ilitoka zamani sana. Data yake ni ya kale, na ukiichanganya na nyingine utaharibu mafaili yote yaliyoandikwa tangu siku hiyo. Kundi hili linaweza kuwashwa tena kwa zile mbili peke yake, kwa kuiambia mdadm izikubali kwa nguvu licha ya tofauti hiyo ndogo, huku ya tatu ikiwa imechomolewa kabisa. Utakachopoteza ni kile kilichokuwa kikiandikwa wakati umeme au waya unakatika, na si zaidi.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kutumia amri ya kuunda kundi jipya juu ya diski zilezile, au kubonyeza kitufe cha kisanduku kinachosema kianzishe upya. Mafundi wengine hufanya hivyo kwa sababu waliwahi kuona imefaulu. Inafaulu pale tu mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande na mahali data inapoanzia vikilingana kabisa na vya awali, na mahali hapo pa kuanzia pamebadilika kati ya matoleo ya mdadm. Ukikosea kimoja, mashine inaanza papo hapo kuhesabu pariti mpya na kuiandika juu ya data yako. Kwa hiyo unaona namba za maendeleo zikipanda vizuri kwenye skrini, asilimia kwa asilimia, wakati kumbukumbu zako zinafutwa.

Kabla ya kulazimisha chochote, nakili kila diski, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Chombo cha kazi hii ni GNU ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Busara yake iko kwenye mpangilio wa kazi: kwanza inachota maeneo mepesi yote kwa haraka, ikiruka penye shida; ndipo inarudi polepole kukwangua pembeni mwa sehemu mbovu. Inaandika ramani ya ilichopata na ilichokosa, hivyo umeme ukikatika saa nane usiku unaendelea ulipoishia bila kuichosha diski inayokufa kwa kuisoma upya. Diski yenye sekta mbovu hamsini ikinakiliwa hivi, hasara inaweza kuwa picha moja au mbili. Ikilazimishwa kujenga upya ikiwa na sekta hizohizo, inaweza kufukuzwa katikati na ukajikuta huna kundi.

Baada ya hapo kila kitu kifanyike juu ya nakala. Washa kundi, fungua mfumo wa mafaili kwa kusoma tu, na hamisha mafaili nje kabla ya kufikiria ukarabati wowote. Ukikosea, unanakili tena na kuanza upya. Diski za asili zibaki kwenye droo.

Ziko hali ambazo hazina tiba ya mezani. Diski inayogonga kwa mdundo, tik, tik, tik, kisha ikanyamaza, kwa kawaida ina kichwa cha kusomea kilichoharibika, na kila unapoiwasha kinaweza kukwaruza sahani. Kichwa hicho huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Chembe ya vumbi letu jeusi la volkano ni mlima mbele yake. Usiifungue. Usiiweke kwenye friji pia, maana unyevu utaganda ndani. Diski hiyo inahitaji maabara yenye chumba safi, na gharama yake ni kubwa. Lakini kumbuka hesabu ya pariti: kwenye RAID 5 huenda usihitaji kuiokoa iliyo mbovu kuliko zote, ikiwa zilizobaki zinaweza kunakiliwa.

Kuhusu matetemeko, watu wengi hukosea mahali pa kuogopa. Diski ya kawaida ya mezani imetengenezwa kuvumilia mshtuko wa ghafla wa takriban mara 70 ya nguvu ya uvutano ikiwa inazunguka, na karibu mara 300 ikiwa imezimwa. Mtikisiko wa ardhi wenyewe haufiki hata chembe ya hapo. Kuanguka kutoka juu ya kabati hadi kwenye saruji kunafika. Weka kisanduku mahali pa chini, lakini si sakafuni kwa sababu ya maji. Kifunge kwenye rafu kwa mkanda, na kiunganishe na UPS (betri ya akiba) inayoweza kukiamuru kijizime vizuri umeme ukikatika.

Ukinunua diski, hasa zilizotumika, soma saa zake za kazi. Mapema mwaka 2025 wanahabari wa Heise nchini Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zimefanya kazi maelfu ya saa, na kumbukumbu zake za SMART zimefutwa. Kumbukumbu ya ndani zaidi ya kiwanda, iitwayo FARM, ndiyo iliyofichua. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zilitumia uandishi wa njia za data zinazopandana, ambao huwa wa polepole sana wakati wa kujenga upya. Uliza aina ya uandishi kabla ya kulipa.

Na nakala rudufu isiyo RAID? Lazima iwepo, tena mbali. Goma ni jirani, lakini iko chini ya mlima uleule. Kigali inafaa zaidi. Kama unahifadhi picha au nyaraka za wateja, Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ya Rwanda inakubebesha wajibu wa kuzilinda, na ina masharti juu ya kuhifadhi data binafsi nje ya nchi. Isome kabla ya kupeleka nakala ng'ambo, na kabla ya kumkabidhi mtu usiyemjua diski za harusi za watu.

Mwisho, ndugu msomaji, siku utakapobeba kisanduku chako kwenda kwa fundi, usianze na bei. Muulize kama atafanya kazi juu ya diski zako zenyewe au juu ya nakala. Akisema diski zenyewe, mshukuru, zifungashe, na utafute fundi mwingine.