Kilichomo Sahanini na Kilichomo Karaini

Mzio wa chakula na ugonjwa wa siliaki huchanganywa mara nyingi, na mkanganyiko huo huanza kuleta madhara mtu anapokula nje ya nyumbani kwake. Katika mzio, kinga ya mwili huiona protini ya kawaida ya chakula, kama ile ya karanga, yai, maziwa au kamba, kuwa ni adui, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE za kupambana nayo. Protini hiyo ikiingia tena, seli fulani mwilini humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Midomo huvimba, ngozi huwasha na kutoka mabaka, mtu hutapika au hukohoa. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa hujibana na shinikizo la damu huporomoka, mara nyingi ndani ya dakika chache, mara nyingine baada ya saa moja au mbili. Hali hiyo kali ndiyo anafilaksia, jina lililotumiwa kwanza mwaka 1902 na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier.

Siliaki haina mbio hizo. Chanzo chake ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, ambayo ndiyo huufanya unga wa chapati uvutike. Kwa mwenye ugonjwa huu, kinga ikiona gluteni huugeukia utumbo mwembamba wenyewe na kuvimaliza vinyweleo vidogo vinavyofyonza lishe. Matokeo yake ni kuhara kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, mtoto kudumaa, au upungufu wa damu usiopona hata kwa vidonge vya madini ya chuma. Wengine hawana dalili yoyote ya tumboni. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 duniani ana siliaki, na wengi wao hawajui. Ugonjwa hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na mara nyingi kwa kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Vipimo vyote viwili humtaka mtu awe bado anakula ngano. Aliyeiacha miezi kadhaa kwa kujishuku anaweza kuonekana mzima ilhali anaumwa.

Lipo na kundi la tatu, kubwa kuliko yote mawili barani Afrika: watu wazima ambao maziwa huwavuruga tumbo kwa sababu mwili umepunguza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Hao husumbuliwa na gesi na kuhara, lakini hawamo katika hatari ya kufa kwa kikombe cha chai ya maziwa. Mwenye mzio wa maziwa anaweza kufa. Mhudumu wa hoteli anayedhani kwamba hao wote ni watu wa tumbo bovu atawahudumia kwa namna moja, na hapo ndipo ajali hutokea.

Uhusiano wa ngano na siliaki uliwekwa wazi na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameshaushuku mkate tangu miaka ya 1930. Katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wenye siliaki waliendelea vizuri. Uliporudi, nao waliumwa tena. Tangu hapo tiba imebaki ile ile: kuacha gluteni maisha yote. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinakitambua chakula kuwa hakina gluteni iwapo gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 kwa kilo. Ili kupata picha ya kiasi chenyewe, utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuuumiza utumbo wa mgonjwa, na kipande kimoja cha mkate wa boflo kina takribani gramu mbili au zaidi. Makombo yaliyobaki kwenye kibao cha kukatia si jambo la kupuuza.

Kwa upande wa ngano, mapishi ya Afrika Mashariki yana bahati ambayo Ulaya haina. Ugali wa mahindi, mtama, uwele au muhogo, wali, matoke, viazi, maharage, mbaazi za nazi na samaki wa kuchoma havina gluteni kwa asili yake. Hata vitafunio viwili vya Pwani vinavyopendwa sana, vitumbua na mkate wa kumimina, msingi wake ni mchele. Tatizo ni kile kinachoongezwa bila kutajwa. Mpishi wa vitumbua anayetaka vishikane hutia ngano kidogo. Mchuzi wa manjano wa urojo wa Unguja, wenye ukali wa maembe mabichi na ndimu, hupata uzito wake kwa unga wa ngano, na mlaji asiyejua mapishi yake hawezi kuuona unga huo kwa macho. Kuku wa kukaanga huviringishwa kwenye unga. Sosi ya soya inayopakwa kwenye mishkaki, licha ya jina lake, kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Bia nyingi za kiwandani ni za shayiri. Injera ya tefu tupu haina gluteni, lakini nje ya Ethiopia tefu mara nyingi huchanganywa na ngano au nafaka nyingine ili kupunguza gharama.

Unga nao una njia zake. Mashine ya kusaga ya mtaani husaga mahindi asubuhi, ngano mchana na ulezi jioni, na vumbi la mfuko mmoja huingia katika mwingine. Unga wa lishe ndio wa kuogopwa zaidi, maana kila muuzaji ana mchanganyiko wake: mahindi, ulezi, soya, karanga, mara ngano, mara dagaa wa kusaga. Uji unaotokana nao huuzwa kama chakula cha afya, na kwa mtoto mwenye mzio wa karanga ndio wa kukwepwa kwanza.

Karanga zina ujanja wa kujificha kuliko ngano. Bara, mboga huungwa. Kisamvu, mchicha na mlenda hupata ladha na uzito kwa karanga zilizotwangwa, na Uganda kuna mchuzi mzima wa karanga unaomwagiwa matoke. Mteja akimuuliza mama lishe, “Mama, hii mboga ina karanga?” anaweza kujibiwa, “Hapana mwanangu, ni mchicha tu, karanga nimetia kidogo za kuungia.” Mama huyo hadanganyi. Kwake yeye, mboga ya karanga ni ile ambayo karanga zinaonekana na kutafunika. Za kuungia ni kiungo kama chumvi. Ndiyo maana swali linalosaidia zaidi ni, “Mama, umeiunga na nini?” Kwa swali hilo mpishi hutaja kila kitu kwa mpangilio aliokitia, kuanzia kitunguu.

Samli na mtindi hujificha kwa namna hiyo hiyo ndani ya biriani, ambamo nyama hulazwa katika mtindi kabla ya kupikwa. Yai huwamo ndani ya maandazi mengi na baadhi ya chapati. Maziwa ya mbuzi, ambayo watu hushauriana kama mbadala, hayafai kwa wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe kwa sababu protini zake zinafanana. Nazi, kwa upande mwingine, huogopwa kupita kiasi. Wengi wenye mzio wa korosho au lozi huila bila shida, na mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa kwenye orodha yake ya kokwa zinazolazimu kutajwa. Wapo wachache wenye mzio wa nazi yenyewe, na kwao chakula cha Pwani ni mtihani mkubwa.

Hata hivyo, kujua mapishi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni vyombo. Chipsi ni viazi na mafuta, lakini karai linalokaanga chipsi saa sita ndilo lililokaanga sambusa saa nne, na jioni litakaanga kamba. Joto la mafuta haliharibu gluteni, wala haliziharibu protini za karanga au za kamba kiasi cha kuzifanya salama. Mafuta yaliyotumika huwa na punje za unga zilizoungua, zile nyeusi zinazoonekana chini ya karai, na kila kinachochovywa humo huzibeba. Kikaango cha chipsi mayai hupanguswa kwa kitambaa na kuingia oda inayofuata. Upawa mmoja hupita sufuria tatu. Katika hoteli za kitalii za Unguja na Mombasa zenye meza ya kujipakulia, wageni wenyewe ndio huhamisha vijiko, kijiko cha tambi kikaishia kwenye wali. Mwenye mzio mkali hufanya vizuri kuomba apakuliwe kutoka jikoni, katika sufuria ambayo haijafika mezani. Katika mabanda ya samaki kama ya Forodhani, Unguja, kuna hatari ya ziada: mvuke wa samaki au kamba wanaokaangwa unaweza kumpandishia pumu mwenye mzio wao hata kabla hajala.

Mikono pia ni vyombo. Utafiti juu ya karanga ulionyesha kwamba kunawa kwa maji na sabuni huondoa protini zake mikononi, lakini maji matupu au dawa ya kupaka isiyosuuzwa huacha mabaki. Desturi ya kupitisha birika na bakuli ili watu wanawe kabla ya kula, nzuri kwa heshima yake, mara nyingi haina sabuni. Halafu huja sinia. Katika shughuli za Pwani watu wanne au watano huzunguka sinia moja ya pilau, na mwenye siliaki anaweza kukaa kando ya mwenzake aliyetoka kuchana chapati kwa mkono ule ule. Kuomba sahani ya peke yake huonekana kama majivuno au kuwanyanyapaa wenzake, na hili pengine ndilo gumu kuliko yote kwa wagonjwa wa huku. Kinachosaidia ni mwenyeji kuambiwa mapema, si mbele za watu, ili chakula cha mgonjwa kipakuliwe kwanza kabla sinia hazijatoka.

Hotelini nako wakati una maana yake. Saa saba mchana jikoni hakuna wa kusikiliza. Saa tano na nusu, kabla ya msongamano, mpishi ana nafasi ya kuosha kikaango na mafuta bado ni mapya. Mhudumu ni mpeleka ujumbe tu, na ujumbe hupungua njiani, kwa hiyo ni bora mgonjwa azungumze na mpishi mwenyewe au apeleke kadi iliyoandikwa. Kadi nzuri haisemi tu “nina mzio”, maneno ambayo kwa wengi yana maana ya kuwashwa kidogo. Hutaja chakula chenyewe, hutaja kuunga, mafuta ya karai na mwiko, na hueleza kwamba kiasi kidogo kinaweza kuua au, kwa siliaki, kuumiza utumbo. Mpishi akijibu “sina hakika”, huyo ametoa jibu la kweli, na la kufaa kuliko “hakuna tatizo” ya haraka.

Katika nchi nyingine sheria hubeba sehemu ya mzigo huu. Umoja wa Ulaya umezitaka hoteli, tangu Desemba 2014, zitoe taarifa za vizio 14 hata kwa chakula kisichofungwa. Uingereza iliongeza masharti Oktoba 2021 baada ya kifo cha binti Natasha Ednan-Laperouse mwaka 2016, aliyekula mkate wenye ufuta ambao haukutajwa kwenye karatasi yake. Tangu hapo chakula kinachofungwa dukani humo humo lazima kiorodheshe viungo vyote. Marekani iliufanya ufuta kuwa kizio cha tisa cha kutajwa kwenye pakiti kuanzia Januari 2023. Sheria za namna hiyo zinategemea menyu, karatasi na pakiti. Mama lishe hana karatasi yoyote, ila mara nyingi ndiye aliyenunua, aliyetwanga na aliyepika, kwa hiyo anajua kilichomo kuliko mhudumu wa hoteli ya nyota tano aliyeletewa mchuzi kwenye ndoo.

Mambo yakiharibika, hatua hutegemea ugonjwa. Katika anafilaksia dawa ya kwanza ni adrenalini, ikidungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, bila kusubiri hali izidi. Piriton, ambayo wengi hukimbilia, hupunguza muwasho na mabaka lakini haiifungui njia ya hewa wala haipandishi shinikizo la damu. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiinuliwa, au akae akiwa hawezi kupumua vizuri. Kumsimamisha na kumtembeza kwenda kwenye gari kunaweza kuusimamisha moyo. Sindano za kujidunga ni ghali na adimu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ingawa adrenalini ya vichupa ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mwenye historia ya anafilaksia hupanga mlo wa nje akijua zahanati au hospitali ya karibu iko wapi. Akipata nafuu bado hubaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi pasipo kula kitu kingine.

Aliyekula ngano kwa bahati mbaya akiwa na siliaki hahitaji sindano. Atahara au kuumwa tumbo kwa saa au siku kadhaa, au asisikie lolote. Hakuna kidonge cha kuifuta gluteni iliyoliwa. Hunywa maji ya kutosha na kurudi kwenye mlo wake. Kwa kosa la mara moja, utumbo hupona. Makosa yanayojirudia kila wiki bila dalili hufichuliwa na kipimo cha damu cha kliniki, pale kingamwili zinapokataa kushuka, na hapo mgonjwa na daktari hulazimika kupitia tena, mlo kwa mlo, wapi anakula na karai la nani.