Je, Wajua? Mvua hutoa asali, mvua hunyima

Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mvua huchanuza maua. Lakini ikinyesha mchana kutwa, husuuza nekta, na nyuki, wasioruka mvuani, hubaki mzingani wakila akiba yao. Kiangazi kirefu nacho hukausha nekta. Mfugaji wa nyuki anatamani nini basi? Mvua ya usiku, jua la asubuhi.

Nekta mara nyingi ni maji zaidi ya nusu. Nyuki huipepea kwa mabawa hadi maji yabaki chini ya asilimia 20. Hewa yenye unyevu huchelewesha kazi hiyo, na asali inayorinwa kabla masega hayajafunikwa kwa nta huweza kuchacha.

Goma ina la ziada: gesi za volkano ya Nyiragongo huitia mvua tindikali, ikaunguza mimea.