MIJI MIWILI NA VIWANJA VYAKE VYA NDEGE

Bila shaka ushawahi kuusikia ule ubishi wa bwenini kati ya wenzetu wa Nairobi na wale wa Mombasa. Huyu hujigamba kwa maghorofa, yule kwa bahari na mahamri. Mwishowe hufika kwenye viwanja vya ndege, na hapo ndipo kelele huzidi. "Wetu ndio mkubwa!" "Aa wapi! Wetu ukishuka tu, bahari hii hapa!" Kwa kuwa kuuliza si ujinga, nimeonelea tuuchunguze ubishi huu pole pole ili tujue viwanja hivi vilitoka wapi na kwa nini havifanani.

Miji yenyewe

Tukisema ukweli, Mombasa ndio mkongwe. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri, alifika huko mwaka wa 1331. Vasco da Gama alipita mwaka wa 1498, na Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Mji ulikua kisiwani kwa sababu ya bandari, ukalelewa na majahazi ya biashara.

Nairobi ukilinganishwa na Mombasa ni kitoto. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika mwaka wa 1899 kwenye uwanda ambao Wamaasai waliuita mahali pa maji baridi. Hapo wajenzi wakapiga kambi kubwa, maana mbele yao kulikuwa na kazi ya kupanda milima kisha kuteremka Bonde la Ufa. Kambi ikawa mji. Mwaka wa 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mwaka wa 1950 Nairobi ukapewa hadhi ya jiji. Kufikia sensa ya 2019, Nairobi ulikuwa na watu zaidi ya milioni 4, na Mombasa zaidi ya milioni 1.2.

Kwa hivyo, mmoja ni mtoto wa jahazi na mwingine ni mtoto wa gari la moshi. Ndege zilikuja baadaye, zikaikuta miji imekwisha simama.

Embakasi: jasho la wafungwa

Safari za ndege Nairobi zilianza na vindege vidogo. Mwaka wa 1929 mama mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni yake ya ndege. Uwanja uliotumiwa na kampuni hiyo bado upo, karibu na barabara ya Lang'ata, na ndio huo tunaouita Wilson. Madaktari warukao huondokea hapo kuwafuata wagonjwa vijijini. Lakini ndege zilipozidi ukubwa, serikali ya kikoloni ilitafuta mahali pa wazi zaidi, ikachagua uwanda wa Embakasi.

Hapa ndugu msomaji naomba utulie kidogo. Ilikuwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu wengi walikuwa wamekamatwa kwa ajili ya Mau Mau, na wengi wao wakapelekwa Embakasi kufanya kazi ya kuujenga uwanja huo. Walichimba, walivunja mawe na kubeba udongo juani chini ya ulinzi wa bunduki. Hawakuwa vibarua wa kulipwa wala hawakuwa na ruhusa ya kukataa. Uwanja ulifunguliwa mwaka wa 1958, na abiria wa kwanza waliopita hapo wakiwa wamevalia suti hawakuwa wale waliouchimba.

Miaka yote hiyo ya ujenzi, Mzee Jomo Kenyatta naye alikuwa gerezani kule Lokitaung, baada ya kesi ya Kapenguria. Aliachiliwa mwaka wa 1961, akawa kiongozi wa nchi mwaka wa 1963. Mwaka wa 1978 jengo jipya la abiria lilifunguliwa upande wa pili wa njia ya kurukia, na uwanja ukapewa jina lake. Yaani, uwanja uliojengwa na wafungwa sasa unabeba jina la mfungwa! Wengi wetu hulitamka jina hilo kila siku bila kulifikiria jambo hili.

Port Reitz: uwanja wa vita na wa watalii

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo na kimejaa nyumba. Hakina nafasi ya ndege kubwa kutua. Ndiyo maana uwanja uko bara, Port Reitz huko Changamwe, na msafiri anayetaka kufika mjini huvuka Makupa. Ulijengwa na wahandisi wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye, mwaka wa 1979, ulipanuliwa na kuitwa Moi, jina la rais wa pili.

Upanuzi huo ulileta mabadiliko makubwa. Watalii kutoka Ulaya waliweza kushuka Mombasa moja kwa moja bila kupitia Nairobi. Mahoteli ya Diani na Nyali yakanawiri, na vijana wakapata kazi. Hata hivyo, utalii ni kama yai. Ghasia za Likoni za mwaka wa 1997 ziliwatisha wageni. Kisha tarehe 28 Novemba 2002 magaidi waliilipua hoteli huko Kikambala, na siku iyo hiyo wakairushia makombora mawili ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Kwa bahati njema makombora yalikosa shabaha. Lakini ndege za watalii zilipungua, na mpishi, dereva wa teksi na muuza vinyago wote wakaumia.

Kwa nini njia ya Nairobi ni ndefu?

Sasa turudi kwa ubishi wetu. Njia ya kurukia ya Embakasi ina urefu wa zaidi ya mita 4,100. Ile kubwa ya Mombasa ni mita 3,350 hivi. Mwanafunzi wa Nairobi atapiga makofi, lakini sababu si maringo. Sababu ni hewa.

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Uwanja wa Embakasi uko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Mabawa hayapati nguvu upesi, na injini pia hupungukiwa. Kwa hivyo rubani hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Jua kali nalo huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi, ndiyo maana baridi ya usiku humfaa rubani mwenye mzigo mzito. Uwanja wa Mombasa uko mita 60 tu hivi juu ya bahari. Joto lipo, lakini hewa ni nzito, na njia fupi yatosha.

Jambo la pili ni upepo. Ndege hupenda kuruka na kutua ikiuelekea upepo. Njia kubwa ya Mombasa huitwa 03 upande mmoja na 21 upande mwingine. Ukizidisha kwa kumi unapata digrii za dira: 30 ni kaskazini-mashariki, na 210 ni kusini-magharibi. Si ndiko zitokako kaskazi na kusi? Naam! Pepo zilizoleta majahazi ndizo hizo hizo zinazomwelekeza rubani wa leo.

Nani mshindi?

Embakasi una safari nyingi na mizigo mingi zaidi. Maua yanayokatwa Naivasha hupakiwa hapo usiku ili yafike Ulaya kabla hayajanyauka. Mombasa nao ni mlango wa pwani. Lakini tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la abiria wanaowasili kutoka nje huko Embakasi. Ndege zilizokuwa angani zingetua wapi? Baadhi zilikwenda kutua Mombasa. Siku hiyo hakuna aliyeuliza uwanja wa nani ni mkubwa.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Basi wenzangu wa bwenini, ubishi na uishe. Na siku utakapojaliwa kupanda ndege pale Embakasi, ndege ikianza kukimbia kwenye ile njia ndefu, wakumbuke waliouchimba uwanja ule kwa mikono yao wala wasipande.