Utando mweupe wa mtoto mchanga si uchafu

Mvua ikikaza, maswali ya wasomaji kutoka Kisii na Nyamira nayo hukaza, na mengi safari hii yametoka kwenye beseni la kuogea. Mama wa Keroka anauliza kwa nini muuguzi alikataa kumwogesha mwanawe siku aliyozaliwa. Baba wa Ogembo anataka sabuni ya kumaliza “ule uchafu mweupe” kwenye mikunjo ya shingo ya bintiye. Na bibi mmoja wa upande wa Nyamira amemtuma mjukuu wake aniandikie kwamba enzi zake mtoto aliogeshwa kabla kondo la nyuma halijazikwa, na wanawe wote wamekua.

Nianze na huo weupe, maana ndio uliozaa uongo mwingi. Ninaousikia zaidi ni kwamba ni mbegu za baba, ushahidi kuwa wazazi waliendelea kulala pamoja mimba ikiwa kubwa. Kuna akina mama wanaoona haya wakiwa bado kitandani leba, wakiomba mtoto asuguliwe haraka kabla mama mkwe hajaingia. Inauma. Mtoto tumboni amefungiwa ndani ya chupa yake, na mbegu za baba hazimfikii humo. Utando huo ameutengeneza mwenyewe, kwa ngozi yake.

Na ni kazi ya ajabu. Ukiushika unateleza kama siagi, ungedhani ni mafuta matupu, kumbe karibu asilimia 80 yake ni maji. Maji hayo yamehifadhiwa ndani ya seli za ngozi zilizokufa, kama maji ndani ya sifongo, na mafuta yamezizunguka seli hizo kama udongo kati ya matofali. Tumboni unaizuia ngozi isilowe miezi yote ile. Nje unaizuia isikauke. Ndani yake mna protini zinazoua bakteria, zile zile zilizomo kwenye machozi na kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Aliyechelewa kuzaliwa huja na utando kidogo sana, ndiyo maana ngozi yake mara nyingi imekunjamana na inabanduka. Baba wa Ogembo, hakuna sabuni ya kuutoa kwa sababu hakuna haja ya kuutoa. Utanywea ndani ya ngozi wenyewe kwa siku chache.

Sasa niende kwa maji. Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na vilima vya Nyamira kama Kiabonyoru vinapita mita 2,000. Anayeamka huko kuchuma majani chai anaijua baridi ya alfajiri. Mtoto aliyezaliwa usiku ametoka kwenye joto la nyuzi 37 akiwa amelowa, na hawezi kutetemeka kama sisi. Silaha yake ni mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega na kuzunguka figo, ambayo huyachoma ili apate joto, na kuyachoma kunakula sukari na oksijeni.

Chukua kijiko kimoja cha chai cha maji. Maji hayo yakikauka juu ya ngozi ya mtoto wa kilo tatu, na joto la kuyakausha likatoka mwilini mwake, linatosha kumshusha zaidi ya nyuzi moja. Kijiko kimoja tu! Mtoto aliyetolewa kwenye beseni ana vijiko vingapi kwenye nywele, kwapani na mapajani? Ndiyo maana maji ya moto hayamwokoi: hatari iko pale anapotoka majini, si akiwa ndani. Utafiti uliochapishwa 2005 kutoka Uganda uliwalinganisha watoto waliooshwa kwa maji ya uvuguvugu kama saa moja baada ya kuzaliwa na wale ambao hawakuoshwa. Waliooshwa walipoa zaidi, ingawa walikuwa wamelazwa kifuani pa mama zao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unasema kuoga kwa kwanza kungoje angalau saa 24.

Mtoto aliyepoa halii. Analegea, ananyonya kidogo, analala. Nyumba nzima inashukuru kwamba maji yamempa usingizi mzuri.

Kwa bibi wa Nyamira nasema kwa heshima: magokoro, wako wamekua, namshukuru Mungu. Ila wapo wa majirani ambao hawakukua, na vijijini mwetu vifo hivyo vilipewa jina, ebibiriria, jicho baya. Robert na Barbara LeVine, watafiti waliokaa Nyansongo katikati ya miaka ya 1950, waliikuta imani hiyo: jicho la mtu hunasisha chembe kwenye ngozi ya mtoto, zinapenya mwilini, na tiba ni kumpaka mafuta na kuzisugua zitoke.

Nimeona inavyofanywa leo kwa malipo. Mtoto wa wiki tatu, uchi juu ya leso, mlango wazi na mvua inanyesha nje. Mganga anasugua samli kifuani, kisha anainua kidole chenye punje ya wimbi. Jipake samli mkononi usugue: utapata vipande vidogo vya kijivu, ambavyo ni ngozi iliyokufa, nyuzi za nguo na vumbi. Punje ya wimbi haipenyi ngozi ya mtu yeyote; ilikuja na mganga. Mtoto yule alikuwa anapumua mbiombio, mbavu zikiingia ndani. Ilikuwa nimonia, na nusu siku ilikuwa imepotea kwenye samli. Anayechukua pesa kwa kazi hiyo anajua anachofanya.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Siku ya kwanza mfuteni damu kwa kitambaa kikavu, basi. Baadaye mara mbili tatu kwa wiki zatosha, ila uso, shingo na makalio kila siku. Ogesheni adhuhuri, mlango umefungwa. Maji baridi yatangulie kwenye beseni ndipo ya moto yafuate, kisha pimeni kwa kiwiko. Sabuni ya kufulia ibaki ya nguo, na dawa ya kuua viini isitiwe majini. Kitovu kikae kikavu, bila majivu wala kinyesi cha ng’ombe. Kama muuguzi amekupa jeli ya klorheksidini, tumia hiyo. Govi lisivutwe. Anayetambaa mwogeshe kila jioni ukitaka, lakini usimwache na karai hata kwa kwenda kuepua ugali. Maji ya kina cha sentimita tano yanaweza kumzamisha.

Na usiku, gusa nyayo zake, kisha tumbo. Vyote vikiwa baridi, mvue nguo, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mvishe kofia, jifunikeni blanketi, mpe ziwa. Akikataa kunyonya, tafuteni bodaboda ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, naye akiwa bado kifuani.