Visiwa Visivyo na Watu: Hesabu Tatu za Baharia

Mtu wa bara aitazamapo ramani ya pwani ya Afrika Mashariki huviona upesi visiwa vikubwa vitatu: Pemba, Unguja na Mafia. Lakini kandokando yake viko visiwa vidogo vingi visivyo na mji, shamba wala kisima. Wavuvi huvifikia kwa ngalawa na mashua za tanga, wakapiga dago kwa siku kadhaa, kisha wakaondoka na samaki wao. Siku hizi wageni wapendao kusafiri kwa tanga huvizuru pia.

Kwa askari na polisi, safari ya namna hiyo yastahili kuchunguzwa, maana ina njia ya kwendea, kambi, posho na njia ya kurudia. Tena haina ghala la karibu. Anayekosea hesabu akiwa mjini huenda akacheka kesho yake. Anayekosea kisiwani huweza kufa kwa kiu huku amezungukwa na maji.

Hesabu ya kwanza ni ya upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi hushika yapata Aprili hadi Septemba. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Hulazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na upande ule, na safari ya saa chache ikawa ya siku nzima. Historia inatupa ushahidi. Mwaka 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi Aprili pamoja na rubani aliyeijua njia, na kwa upepo wa kusi akafika India kabla mwezi mmoja haujatimia. Alipotaka kurudi aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika. Alitumia karibu miezi mitatu baharini. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, hata ikambidi kuichoma moto merikebu yake moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni majira.

Hesabu ya pili ni ya kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na huko Unguja tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hufikia mita 4 hivi. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu. Nahodha akikipandisha chombo juu ya fungu katika kilele cha bamvua, maji ya siku zinazofuata hayafiki tena kimo kile, naye huenda akangoja karibu majuma mawili ndipo chombo kielee.

Hesabu ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni ya maji ya kunywa. Visiwa vingi hivi ni mawe ya matumbawe, na mvua inyeshapo hupenya upesi hadi baharini. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, lakini hakina chemchemi. Wanaokaa huko hutegemea mvua ikingwayo kutoka mapaani. Fungu Kizimkazi, mbali kusini-mashariki, halina hata mti wa kivuli. Wenyeji wake ni ndege wa baharini.

Mtu afanyaye kazi juani ahesabiwe lita 4 kwa siku. Watu sita kwa siku nne watahitaji lita 96. Ikiongezwa akiba ya siku mbili, jumla ni lita 144. Maji hayo yagawanywe katika vyombo kadhaa, ili kimoja kikipasuka visibaki vitupu vyote. Maji ya bahari yasinywewe kamwe. Kila lita ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo huhitaji maji mengi zaidi ya yale yaliyonywewa ili kuitoa. Anayeyanywa huongeza kiu yake.

Walinzi wa maziwa yetu hawana shida ya chumvi wala bamvua, lakini nao hupambana na dhoruba za ghafla, na mafuta ya mashua za injini huisha. Kwa hiyo kila kiongozi wa safari, kabla ya kung'oa nanga, na aulize: Upepo utatupeleka, je, utaturudisha? Tutatoka maji yakiwa na kimo gani? Tuna maji ya kunywa ya siku ngapi? Kisha amwachie mtu wa nchi kavu jina la kisiwa waendako na siku ya kurudi, ili wasiporejea, watafutwe mahali panapojulikana.