Unauza stripu za sakafu mtandaoni? Usitaje bei kabla ya kuuliza haya

Wapambanaji, leo naongea na mnaouza vifaa vya kumalizia nyumba. Kuna ule ukanda mwembamba wa aluminiamu unaofunika pale tailizi za korido zinapokutana na kapeti au lamineti ya chumbani. Sisi tunauita stripu. Faida yake ndogo, na ukirudishwa mara moja tu, boda ya kwenda na kurudi imeshaila yote.

Mteja akiandika "nataka ya gold, bei gani?", mwulize kwanza: sakafu zote mbili zina kimo sawa? Zikiwa sawa, mpe bapa au yenye umbo la T. Moja ikiwa juu, anahitaji yenye mteremko. Ukimpa bapa, upande mmoja utaning'inia, watu watajikwaa, na ikikanyagwa kila siku inapinda.

Wengi hawajui kupima milimita. Mimi huwaambia wachukue rula ya mwanafunzi, waisimamishe palepale kwenye maungio, wapige picha kutoka ubavuni. (Angalia sifuri ya rula inaanzia wapi, nyingi haianzii ukingoni kabisa.) Picha hiyo inakuonyesha tofauti ya kimo. Ya pili wapige kutoka juu, rula ikiwa imelazwa juu ya mwanya, maana stripu lazima iufunike mwanya wote na ibaki kidogo kila upande. Urefu wapime chini, fremu hadi fremu, wasipime ubao wa mlango.

Sasa lamineti, hapa ndipo pana kesi. Lamineti haigandishwi chini, inaelea. Ikipata unyevu inatanuka, ndiyo maana fundi anaacha mwanya wa kama milimita 8 hadi 10. Stripu inatakiwa ishikwe kwenye zege lililo ndani ya huo mwanya, skrubu isipite kwenye lamineti yenyewe. Kuna dada alinifuata na stripu aliyonunua kwa muuzaji mwingine. Fundi wake aliipigilia skrubu hadi kwenye mbao. Mvua zilipokuja, sakafu ikanyanyuka katikati kama mgongo. Lawama zote alimpa muuzaji, fundi hata hakutajwa! Ndiyo maana mimi natuma maelezo kwa sauti, sekunde 30, nikimwambia mteja ampe fundi wake asikilize. Na kwenye mfuko naweka skrubu na fisha zake, maana fundi akikosa fisha anapaka silikoni chafuchafu na kuondoka. Silikoni siyo mbaya, ila zege lifutwe vumbi kwanza, likauke, na stripu isikanyagwe hadi ishike.

Kusafirisha: stripu ndefu kwenye boda inapinda kabla hata haijafika. Kama vipimo vimethibitishwa, ikate dukani. Kama bado, itie ndani ya kipande cha bomba la plastiki, ziba ncha zote kwa selotepu, na mwambie boda bomba lirudi.