Krosi chakavu huliacha gurudumu bila nguvu, mhimili wala breki

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo unawafaa mno wamiliki wa magari ya kale ya michezo kutoka Uingereza, hasa Jaguar E-Type, ambamo kifaa kinachotosha kiganjani kinaweza kuamua iwapo dereva atafika salama aendako.

Kifaa chenyewe ni kiungo cha msalaba kilichomo katika shafti za ekseli ya nyuma, ambacho mafundi wengi hukiita krosi. Madereva wa malori na pikapu wanakifahamu vyema, kwa kuwa kipo pia kwenye propela shafti za magari yao.

Hata hivyo, krosi ya lori na ile ya E-Type hazibebi dhamana sawa. Krosi ya propela ikikatika, aghalabu lori litakwama njiani. Krosi ya shafti ya nyuma ya E-Type ikikatika, gari laweza kupoteza mwelekeo kabisa.

Ili kuelewa sababu, hatuna budi kurejea mwaka 1961. Mwezi Machi mwaka huo, kampuni ya Jaguar ya mjini Coventry ilizindua E-Type huko Geneva, Uswisi. Hadi lilipoacha kuundwa mwaka 1974, magari zaidi ya 70,000 yalikuwa yametengenezwa.

Magari mengi ya michezo ya enzi hizo yalikuwa na ekseli nzima ya nyuma, yaani magurudumu mawili yaliyounganishwa na mhimili mmoja mgumu. Gurudumu moja likiingia shimoni, la pili nalo lilitikisika.

Wahandisi wa Jaguar waliliacha kila gurudumu lijitegemee. Walifunga difu kwenye fremu ya chuma, kisha wakatoa shafti fupi kila upande kuelekea kwenye gurudumu. Kila shafti ina krosi mbili: moja karibu na difu na nyingine karibu na gurudumu.

Kazi tatu, shafti moja

Kazi ya kwanza ya shafti hiyo ni kupeleka nguvu za injini kwenye gurudumu. Hiyo ni kazi ya kawaida ya shafti yoyote.

Ya pili ni kulishikilia gurudumu. Katika E-Type, mkono wa chini hulizuia gurudumu upande wa chini, ilhali shafti yenyewe ndiyo mkono wa juu. Kila gari linapokata kona, krosi hubanwa na kuvutwa upande kwa upande huku zikizunguka.

Ya tatu husahauliwa na wengi. Diski za breki za nyuma hazimo ndani ya magurudumu bali zimefungwa ubavuni mwa difu. Nguvu ya breki, ikiwemo ile ya mkono, hupitia kwenye shafti ndipo ilifikie gurudumu.

Kwa hivyo, krosi ikivunjika gurudumu hupoteza mambo matatu kwa mpigo: mwendo, mhimili wa juu na breki.

Dalili za uchakavu

Krosi ni msalaba wa chuma wenye ncha nne. Kila ncha imevikwa kikombe kidogo chenye beringi nyembamba mithili ya sindano, zinazoteleza katika grisi. Grisi ikikauka au maji yakipenya, sindano hizo huchimba mikwaruzo kwenye msalaba.

Dalili ya mwanzo ni mlio wa kugonga dereva anapoondoa gari au anapobadilisha gia. Nyingine ni mtetemo unaoongezeka kadiri ya mwendo, pamoja na vumbi la rangi ya kutu kandokando ya vikombe.

Njia ya kuhakikisha ni kuinua gari, kushika tairi juu na chini, kisha kulisukuma na kulivuta huku mwenzako akizitazama krosi. Zikicheza, muda wake umekwisha. Iwapo krosi zimetulia lakini gurudumu linacheza, huenda tatizo liko kwenye beringi za gurudumu.

Jinsi ya kubadilisha

Kabla ya yote, weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele na uliegemeze gari juu ya stendi imara. Usitegemee jeki pekee, wala usiitegemee breki ya mkono. Pindi shafti itakapotolewa, breki hiyo haitakuwa na njia ya kulifikia gurudumu.

Toa gurudumu, kisha pini na nati kubwa iliyo katikati ya kitovu chake. Kitovu hutolewa kwenye meno ya shafti kwa pula, si kwa nyundo. Hifadhi vyema bushi ya kipimo iliyo nyuma yake, kwani ndiyo inayoamua nafasi ya beringi.

Fungua sehemu ya chini ya shokabzoba ya mbele ili upate nafasi, halafu nati nne zinazoifunga shafti kwenye diski ya breki. Hapo utakuta vibati vyembamba viitwavyo shimu. Vihesabu na uandike idadi yake kwa kila upande.

Shimu hizo si takataka. Ndizo zinazopanga mwinamo wa gurudumu, na kibati kimoja chenye unene wa nusu milimita huubadilisha kwa takriban robo digrii. Anayevipoteza atashangaa tairi zikilika upande mmoja.

Shafti ikiwa mezani, ondoa klipu zinazozuia vikombe. Tumia jiliwa na soketi mbili, ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, kusukuma vikombe nje polepole. Nyundo nzito yaweza kupinda masikio ya shafti, na masikio yaliyopinda yataiua hata krosi mpya.

Unapofunga mpya, hakikisha hakuna sindano iliyoanguka ndani ya kikombe. Moja tu ikilala vibaya, kikombe hakitaingia hadi mwisho na klipu haitakaa. Elekeza nipeli ya grisi mahali bomba la grisi litakapofika bila shida.

Krosi iliyofungwa sawasawa hugeuka kwa wepesi pande zote bila kucheza. Ikiwa ngumu, gonga masikio taratibu kwa nyundo laini ili vikombe vitulie. Zikiwa bado ngumu, zifungue uchunguze upya.

Rejesha shimu zile zile, tumia nati za kujifunga na pini mpya, na ukaze kwa kipimo cha kitabu cha ufundi cha gari. Hatimaye mwinamo wa magurudumu upimwe kabla ya safari ndefu.

Inapendekezwa krosi zote nne zibadilishwe pamoja, kwani zimezunguka umbali ule ule. Baada ya hapo, kinachohitajika ni grisi kwa wakati wake. Ndiyo kinga rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa mno.